Kikundi cha Linux kikutanie wapi mtandaoni? Ulinganisho wa njia nne

Kikundi cha wapenzi wa Linux na kompyuta kikishakubaliana kwamba vikao vyake vitafanyika mtandaoni, hoja ya kwanza kuzuka huwa ni ya mahali pa kukutania, na mara nyingi ubishi wake huwa mrefu kuliko mada yenyewe ya kikao. Kuna atakayesema kwamba ni kioja kwa watu wanaohubiri programu huria kukutana ndani ya programu ambayo msimbo wake hakuna anayeruhusiwa kuusoma. Kuna atakayemjibu kwamba msimamo safi haumsaidii mgeni aliyebaki mlangoni kwa sababu simu yake imegoma kufungua kiungo. Wote wawili wana hoja, na ndiyo maana swali hili halijibiwi kwa kutaja jina moja la programu.

Zinazolinganishwa hapa ni njia nne: Jitsi Meet, BigBlueButton, majukwaa ya kibiashara ya Google Meet na Zoom, na njia ya sauti na maandishi bila video, yaani Mumble (ya sauti) ikisaidiwa na IRC au Matrix (za maandishi). Simu za kundi za WhatsApp nimeziacha nje kwa makusudi. Zinabeba watu 32 tu, zinaanika namba ya simu ya kila mshiriki mbele ya watu asiowajua, na hazikuundwa kwa ajili ya somo. Lakini kama mahali pa kutangazia kikao na kutuma kiungo, kwa Afrika Mashariki sijaona kinachoishinda WhatsApp.

## Vigezo vya kupimia

Kabla ya kutaja programu yoyote, kikundi kijiulize kwanza vikao vyake ni vya namna gani. Vipo vikao vya mada, ambapo mtu mmoja anaeleza jambo kwa slaidi na wengine wanauliza mwishoni. Vipo vya mafunzo kwa vitendo, ambapo kinachotazamwa muda wote ni terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na herufi zake. Na vipo vya kliniki, ambapo mwanachama analeta mashine iliyogoma kuwaka baada ya kusasisha kerneli (kiini cha Linux), na wenzake watatu wanabishana kama kosa ni la GRUB (programu inayoiwasha Linux) au ni diski inayokaribia kufa. Mahitaji ya vikao hivi hayafanani, na jukwaa linalokifaa kimoja linaweza kuwa mzigo kwa kingine.

Baada ya hapo kila njia nimeipima kwa vigezo vitano. Cha kwanza ni bando, yaani data inayoliwa na kikao na jinsi njia hiyo inavyovumilia mtandao hafifu. Cha pili ni mlango: mgeni anahitaji nini ili aingie, na atakwama wapi. Cha tatu ni kuonyesha kazi, iwe ni slaidi, skrini au terminali. Cha nne ni kumbukumbu, kwa ajili ya waliokosa kikao. Cha tano ni uendeshaji, na ndani yake naweka gharama, kazi ya kutunza seva, na suala la nani anayeshika taarifa za wanachama.

Kwenye bando inafaa kupiga hesabu mara moja ili maneno “nyingi” na “kidogo” yawe na maana. Mkondo wa megabiti 1 kwa sekunde ukidumu saa nzima unakula megabaiti 450. Sauti iliyobanwa kwa kodeki ya Opus, inayotumiwa na Jitsi, BigBlueButton, Google Meet na Mumble, ikienda kwa kilobiti 40 kwa sekunde inakula megabaiti 18 kwa saa. Kwa hiyo kikao cha saa mbili chenye video ya wastani kinaweza kumgharimu mshiriki megabaiti 900, ilhali kikao hicho hicho kwa sauti tupu hakifiki 40. Mwenye intaneti ya nyaya nyumbani hataiona tofauti hiyo. Mwanafunzi anayenunua kifurushi cha siku ataiona kabla ya mada kuisha. Tena vipo vifurushi vya mitandao ya kijamii peke yake, ambavyo vinafungua WhatsApp lakini havifungui kiungo cha Jitsi, na mwanachama mwenye kifurushi cha aina hiyo hatakwambia. Atakosa tu kuonekana.

## Jitsi Meet

Jitsi ilianza mwaka 2003 kama mradi wa mwanafunzi Emil Ivov katika Chuo Kikuu cha Strasbourg, Ufaransa, wakati huo ikiitwa SIP Communicator. Tangu mwaka 2018 imo mikononi mwa kampuni ya 8x8, lakini msimbo wake umebaki wazi chini ya leseni ya Apache 2.0, na mtu yeyote anaweza kuusimika kwenye seva yake.

Bando. Seva ya Jitsi haichanganyi video za washiriki kuwa moja. Inazipokea na kuzisambaza kwa kila mmoja kama zilivyo, kwa ukubwa unaolingana na dirisha linaloonyeshwa. Maana yake ni kwamba kamera kumi zikiwaka, mshiriki anapokea mikondo kadhaa kwa wakati mmoja, na kompyuta mpakato ya zamani itaanza kupuliza feni. Dawa ipo: kila mshiriki anaweza kushusha ubora wa video hadi kubaki na sauti peke yake, bila kuwalazimisha wengine. Kikundi chenye desturi ya kuzima kamera zote isipokuwa ya mzungumzaji hakitapata shida kubwa hapa.

Mlango. Mgeni anabofya kiungo, anaandika jina, anaruhusu kipaza sauti, ameingia. Kwenye kompyuta hahitaji kusimika chochote zaidi ya kivinjari. Kwenye simu ipo programu ya Android na ya iPhone. Tangu Agosti 2023, hata hivyo, anayefungua chumba kwenye seva ya umma ya meet.jit.si lazima ajitambulishe kwa akaunti ya Google, GitHub au Facebook. Wageni hawaguswi na sharti hilo, lakini kwa kikundi kilichochagua Jitsi ili kikwepe akaunti hizo ni jambo la kulijua mapema. Seva ya kikundi chenyewe haina sharti hilo.

Kuonyesha kazi. Kushiriki skrini kunafanya kazi vizuri kwenye Chrome na Firefox, hata kwa wanaotumia Wayland (mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye Linux), mradi PipeWire na kifurushi cha xdg-desktop-portal kinachoendana na mazingira yao ya kazi viwe vimesimikwa. Hapo ndipo wanaotumia vidhibiti dirisha vidogo, ambavyo kila kipande huunganishwa kwa mkono, huaibika: wanabofya kitufe, dirisha la kuchagua skrini halitokei, na dakika kumi za kikao zinapotea. Ubao na slaidi za kupakia si nguvu ya Jitsi. Ni jukwaa la kuzungumza na kutazama skrini ya mwenzako.

Kumbukumbu. Kurekodi upande wa seva kunahitaji kipengele kinachoitwa Jibri, ambacho kwa kweli ni kivinjari cha Chrome kinachoingia kikaoni kama mshiriki asiyeonekana huku programu ya ffmpeg ikirekodi kinachoonekana humo. Jibri moja hurekodi kikao kimoja kwa wakati mmoja na hula nguvu nyingi za mashine. Vikundi vingi vidogo hufanya vyema zaidi kwa kumpa mwanachama mmoja mwenye mtandao imara kazi ya kurekodi skrini kwa programu ya OBS.

Uendeshaji. Kusimika Jitsi kwenye matoleo ya Linux ya Debian au Ubuntu ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu aliyezoea terminali: jina la kikoa, cheti cha usalama cha Let's Encrypt, mlango wa mtandao (port) wa UDP namba 10000 uliofunguliwa, na RAM ya gigabaiti 4 hadi 8 kwa kikundi kidogo. Tatizo huja pale mtu anapotaka kuiweka seva nyumbani. Watoa huduma wengi wa intaneti ya simu humweka mteja nyuma ya anwani ya IP inayogawanywa na watu wengi, kwa hiyo hakuna mlango wa kufungua hata ukijua kuufungua, na kikundi kitalazimika kukodi seva.

Pahala pa kukodi pana uzito wake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani. Siku kama hiyo, seva iliyoko Ujerumani inakuwa mbali kweli kweli, ilhali iliyoko Nairobi au Dar es Salaam na kuunganishwa kwenye vituo vya kubadilishana trafiki vya KIXP au TIX bado inafikika kwa wanachama wa nchi hiyo, kwa sababu mawasiliano yao hayana haja ya kuvuka bahari. Hata siku za kawaida, kuongea na mtu wa mtaa wa pili kwa sauti inayopitia Ulaya kunaleta ule mkanganyiko wa watu wawili kuanza kusema kwa pamoja, kisha wote kunyamaza.

Inamfaa nani. Kikundi cha watu watano hadi ishirini na kitu, chenye mazungumzo mengi kuliko mihadhara, na chenye angalau wanachama wawili wanaoweza kuitunza seva. Nasema wawili kwa sababu mmoja atahama mji. Si njia ya kubeza hata kwa mikutano mikubwa: mkutano wa Debian wa mwaka 2020, DebConf20, ulifanyika mtandaoni kwa wazungumzaji kukutana ndani ya Jitsi huku hadhira ikitazama matangazo ya moja kwa moja na kutuma maswali kwa maandishi.

## BigBlueButton

Hii ilizaliwa mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Carleton, Ottawa, Kanada, ikiwa na lengo moja la wazi: darasa. Lengo hilo linaonekana mpaka leo katika kila pembe yake.

Bando. Mtu hatarajii, lakini kwa kikao cha slaidi BigBlueButton inaweza kuwa nafuu kuliko Jitsi. Mwalimu anapakia faili la PDF, seva inaligeuza kurasa moja moja, na mshiriki anatumiwa ukurasa unaoonyeshwa badala ya video ya skrini ya mwalimu. Sauti za washiriki huchanganywa na seva, kisha msikilizaji anapokea mkondo mmoja hata kama watu watano wanaongea. Tena katika mipangilio mna sehemu ya kuokoa data, ambapo mshiriki anazima kamera za wengine na skrini inayoshirikiwa kwa upande wake tu.

Mlango. Ni kivinjari tupu, kwenye kompyuta na kwenye simu. Kabla ya kuingia, mshiriki anaulizwa kama atatumia kipaza sauti au atasikiliza tu, na akichagua kipaza sauti anapewa jaribio la kusikia mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Wazoefu huliona jaribio hilo kuwa kero. Mimi naliona kuwa limeokoa vikao visianze kwa nusu saa ya “mnanisikia?”

Kuonyesha kazi. Hapa ndipo yalipo makazi yake: ubao ambao washiriki wote wanaweza kuchora juu yake, kura za papo hapo, maandishi ya pamoja yanayoandikwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na vyumba vidogo vya kugawia watu. Hicho cha mwisho kinafaa sana kwa siku ya kusimika Linux kwa mara ya kwanza, wanaotumia Ubuntu chumba chao, wanaotumia Fedora chumba chao, na fundi mmoja kila chumba. Kushiriki skrini nzima kupo pia, lakini ni kutoka kwenye kompyuta. Aliyeingia kwa simu asitegemee kuonyesha chake.

Kumbukumbu. Rekodi yake ni ya aina ya pekee. Inahifadhi sauti, slaidi, ubao na mazungumzo ya maandishi yakienda pamoja, na mtazamaji anaweza kuruka hadi slaidi anayoitaka. Kikundi kinachotaka kujenga hazina ya masomo hakitapata kwa urahisi kitu cha kuilinganisha nayo.

Uendeshaji. Uzuri huo una bei. Mwongozo wa BigBlueButton unataka seva yenye RAM ya gigabaiti 16 na viini 8 vya kichakataji, iliyosimikwa toleo mahususi la Ubuntu bila huduma nyingine zinazoishi humo, pamoja na milango mingi ya UDP, kuanzia 16384 hadi 32768. Seva ya namna hiyo kuikodi kila mwezi ni fedha ambayo kikundi cha kujichangia kitaisikia. Njia nafuu ni kubisha hodi chuoni: vyuo vingi tayari vina Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, na BigBlueButton huungana na Moodle vizuri, kwa hiyo si ajabu kukuta seva iliyokwisha kusimikwa na inayolala kila Jumamosi.

Inamfaa nani. Kikundi kinachofundisha kwa mtaala, chenye walimu na wanaoanza, hasa chenye uhusiano na chuo. Watu wa kerneli wenyewe waliitumia mwaka 2020, mkutano wao wa Linux Plumbers ulipolazimika kuhamia mtandaoni. Kikundi cha marafiki saba wanaokutana kupiga soga kuhusu mashine zao kitaiona kama kuvaa suti kwenda sokoni.

## Google Meet na Zoom

Nimeyaweka pamoja kwa kuwa kwa vigezo vya kikundi kidogo yanafanana zaidi kuliko yanavyotofautiana, na penye tofauti nitaitaja.

Bando. Yote mawili yana seva nyingi duniani na yanajua kushusha ubora wa video mtandao unapodorora bila kikao kukatika. Kwa uvumilivu wa mtandao mbovu, haki yao wapewe. Zoom inaeleza kwamba sauti peke yake huhitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, yaani takribani megabaiti 27 hadi 36 kwa saa. Google Meet kwenye simu ina mpangilio wa kupunguza matumizi ya data.

Mlango. Hapa yanawashinda wengine wote kwa sababu moja: watu wanayo tayari. Mwenye simu ya Android kwa kawaida ana akaunti ya Google, na aliyewahi kufanya semina ya kazi ameshaisimika Zoom. Kikundi kinachotafuta wageni kutoka nje ya duara la mafundi kisidharau jambo hili. Kwenye Linux, Google Meet ni kivinjari tu. Zoom ina programu ya kusimika kwa vifurushi vya deb na rpm, na pia inaingilika kwa kivinjari ingawa kitufe chake hakionekani upesi.

Kuonyesha kazi. Kushiriki skrini ni kwepesi. Zoom inaongeza uwezo wa mshiriki mmoja kuomba kuiendesha kompyuta ya mwenzake, na kwa kliniki ya mashine uwezo huo una thamani kubwa, ingawa anayetumia Wayland aujaribu kabla ya siku yenyewe.

Kumbukumbu. Zoom ya bure inaruhusu kurekodi kwenye kompyuta ya mwenye kikao. Google Meet kwa akaunti ya kawaida ya bure haitoi kurekodi.

Uendeshaji. Hakuna seva ya kutunza wala mtu wa kuamshwa usiku. Kinacholipwa badala yake ni muda: Zoom ya bure hukata kikao kikifika dakika 40, na Google Meet ya bure hukata kikao cha watu watatu au zaidi kikifika dakika 60, yote yakiwa na ukomo wa watu 100. Dakika 40 zinatosha mada moja yenye nidhamu. Hazitoshi kliniki hata moja, maana mashine iliyokufa haina haraka ya kufufuka. Wapo wanaotoka na kuingia upya kila zinapokwisha. Inawezekana, ila kila mara wanarudi wachache kuliko waliotoka. Kuhusu taarifa za wanachama, ziko kwa kampuni, na msimbo umefungwa. Kikundi kijadili jambo hilo wazi na kiamue, kuliko kulifumbia macho kisha likazuka kama lawama mwezi wa tatu.

Yanamfaa nani. Kikundi kinachoanza, kisicho na fedha ya seva, au kinachoandaa kikao cha wazi kwa wageni wengi wasio mafundi.

## Sauti na maandishi: Mumble, IRC na Matrix

Watu wengi hawaihesabu hii kama mkutano. Wanakosea, kwani ndiyo njia iliyokuwako kabla ya zote na bado inafanya kazi mahali ambapo nyingine zinashindwa. IRC iliandikwa mwaka 1988 na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, na miradi mingi ya programu huria hukutana humo hadi leo, sehemu kubwa kwenye mtandao wa Libera.Chat ulioanzishwa mwaka 2021. Matrix ni ya mwaka 2014 na ina sura ya kisasa zaidi. Mumble, iliyoanza mwaka 2005, ni ya sauti.

Bando. Hakuna kinachoikaribia. Saa nzima ya IRC haifikii uzito wa picha moja ya simu. Mumble hutuma sauti pale tu mtu anapoongea, na kiwango chake kinaweza kushushwa hadi mtandao wa 3G wa kijijini uimudu.

Mlango. Huu ndio udhaifu wake. Mumble inamtaka mgeni asimike programu (kwenye Android ipo inayoitwa Mumla), aandike anwani ya seva na mlango wa 64738, kisha apime sauti yake kwa hatua kadhaa. IRC inamtaka achague jina la utani na ajue amri chache zinazoanza na mkwaju (/). Kwa mpenzi wa kompyuta hilo ni burudani. Kwa mtu aliyesikia neno Linux wiki iliyopita ni ukuta. Matrix ina mlango mpana zaidi kwa kuwa programu yake ya Element hufunguka kwenye kivinjari, ila akaunti lazima.

Kuonyesha kazi. Hakuna skrini, na hapa ndipo watu wa terminali wanapojidai. Badala ya kurusha video ya herufi, warushe herufi zenyewe. Mwalimu anafungua programu ya tmate, inampa kiungo cha kutazama tu cha SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali), anakibandika kwenye chumba, na kila mshiriki anaona terminali ya mwalimu ndani ya terminali yake, kwa herufi za ukubwa anaoutaka yeye, zisizo na ukungu hata mtandao ukilegea. Wenye seva ya pamoja hawahitaji hata tmate: wanaingia kwa SSH na kuandika `tmux attach -r`. Kwa somo la kuandika skripti za shell, sijaona jukwaa la video linalofikia usafi huo. Kwa somo la programu za picha na za ofisi kama GIMP au LibreOffice, bila shaka, njia hii haifai kabisa.

Kumbukumbu. Mazungumzo ya maandishi ni kumbukumbu tayari, na yanatafutika. Matrix huyahifadhi yenyewe. IRC haihifadhi, kwa hiyo kikundi kinaweka roboti, yaani programu inayokaa chumbani na kufuata amri. Roboti ya MeetBot, iliyotokana na jumuiya ya Debian, huandika muhtasari wa kikao: mwenyekiti anaandika `#startmeeting`, kila ajenda anaitangaza kwa `#topic`, maazimio kwa `#agreed`, kazi ya kila mtu kwa `#action`, na akifunga kwa `#endmeeting` muhtasari umekamilika. Katibu wa kikundi chochote cha kijamii angeitamani. Kazi za terminali zinaweza kurekodiwa kwa asciinema, ambayo huhifadhi maandishi badala ya video, na faili lake la saa nzima linaweza kutumwa hata kwa WhatsApp.

Uendeshaji. Seva ya Mumble inakaa hata kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na seva ndogo kabisa ya kukodi inaitosha. IRC ya Libera.Chat na akaunti za matrix.org ni za bure. Seva binafsi ya Matrix ni habari nyingine: ni kazi, na inanenepa kadiri vyumba vinavyoongezeka.

Inamfaa nani. Wanachama wanaofahamiana, wenye mazoea ya terminali, waliotawanyika mahali penye mtandao wa kubahatisha. Pia inamfaa yule asiyependa sura yake ionekane wala sauti yake isikike, na watu hao kwenye vikundi vya kompyuta si wachache.

## Kwa hali yako

Ikiwa kikundi ndiyo kwanza kinaanza na hakijui kitakuwa na watu wangapi, kuanza na Google Meet si dhambi. Kipange mada fupi ndani ya dakika 60, kiweke mazungumzo ya katikati ya mwezi kwenye chumba cha Matrix au kundi la WhatsApp, na baada ya vikao vichache kitakuwa kimejua wanachama wake wanaingia kwa simu au kwa kompyuta. Hilo moja litaamua mengi yanayofuata.

Ikiwa kikundi kina wanachama wa kudumu na wanaona ni sehemu ya kujifunza kuendesha huduma zao wenyewe, Jitsi kwenye seva iliyokodiwa ndani ya nchi ni somo na ukumbi kwa wakati mmoja. Kiweke mlango wa akiba ulioandikwa kwenye tangazo la kila kikao, kwa mfano chumba cha IRC, ili seva ikianguka saa mbili usiku watu wajue pa kukimbilia badala ya kuulizana kwa simu.

Kikundi cha chuo, au kinachoendesha kozi ya wiki kadhaa kwa wanaoanza, kiitafute BigBlueButton ya chuo kabla ya kufikiria kukodi yake. Mapokeo yapo: Kiswahili kiliingia mapema katika programu huria kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Barua yenye ratiba ya masomo na jina la mhadhiri mmoja anayeunga mkono husikilizwa kuliko ombi la “tunaomba seva”.

Kikundi ambacho sehemu ya wanachama wake wako vijijini au wanaishi kwa bando la siku kisichague kwa kura ya walio wengi, kwa kuwa wenye bando dogo ndio wasiohudhuria kikao cha kupiga kura. Kianze na sauti na maandishi, na video iwe ya nadra, kwa mada inayoihitaji kweli. Au kichanganye: mzungumzaji na wachache ndani ya Jitsi, sauti ikirekodiwa na kutumwa kama faili baadaye, na maswali yakipokelewa kwa maandishi. FOSDEM ya mwaka 2021, mkutano mkubwa wa programu huria wa Ubelgiji, nayo iliunganisha Matrix na Jitsi kwa namna inayokaribiana na hiyo.

Na kikundi chenye watu walio nchi mbalimbali kikumbuke kwamba jukwaa halitawaokoa na saa. Kikao cha saa mbili usiku Nairobi ni saa moja usiku Bujumbura na Kigali, ni saa tatu usiku Muscat, na kwa walioko London kinahama mara mbili kwa mwaka. Tangazo liandikwe kwa saa za Kiswahili na kando yake 20:00 ya Nairobi, na chini yake kiwekwe kimstari hiki, ambacho kila mwenye Linux akikibandika kwenye terminali kitamjibu kwa saa za mashine yake mwenyewe:

`date -d 'TZ="Africa/Nairobi" 20:00'`